Pua Namba Arobaini na Moja

Jina la Mama Penseli alipewa na jirani wa chini, siku alipomkuta ngazini ameinama, penseli kinywani, akichungulia tundu la kitasa cha mlango wake mwenyewe. Alikuwa amefunga mlango na kusahau ufunguo ndani, lakini nani angemwamini? Jengo zima lilijua kwamba yule mama wa ghorofa ya tatu huwachora watu gazetini. Mtu wa namna hiyo ukimkuta ameinama kwenye tundu, humuulizi kitu. Unapita zako, ukifika kwako unaziba la kwako kwa karatasi.

Kazi yake ilitoka kila Alhamisi katika gazeti la wiki, ukurasa wa pili kutoka mwisho, chini ya tangazo la magodoro. Visanduku vinne, kichwa chake "Ghorofa Yetu". Humo walikaa watu wa kubuni ambao hawakuwa wa kubuni hata kidogo: mzee anayegombana na bomba la maji, bibi anayeuliza kila apitaye ngazini anakwenda wapi na kwa nini amechelewa, mume anayeficha viatu vipya. Miaka sita ilikuwa imepita hivyo. Shule aliiacha darasa la saba. Baadaye akapata kazi kwa wapiga chapa, ya kukunja magazeti kwa mkono, na huko ndiko alikoanza kumchora msimamizi wa zamu kwenye karatasi zilizoharibika. Msimamizi aliikamata michoro akaipeleka kwa mhariri, ili mwenye michoro afukuzwe. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Mama Penseli akafukuzwa kukunja, akaajiriwa kuchora. Mpaka leo hajaamini. Simu ya mhariri ikiita, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba wamegundua.

Wamegundua nini, hata yeye hajui. Labda kwamba hajui kuchora mikono. Watu wa "Ghorofa Yetu" wote wana mikono mifukoni, au nyuma, au wamebeba kapu. Msomaji mmoja aliwahi kuandika kusifu "upole wa watu wale wanaotembea wamefumbata mikono nyuma". Barua hiyo aliitunza, kwa aibu.

Nyumbani alikuwa na mumewe, fundi wa mafriji, na binti yao mkubwa aliyefanya kazi katika duka la dawa. Korido kati ya jiko na sebule ilikuwa na mafriji mawili mabovu yaliyosubiri vipuri tangu zamani. La kwanza lilikuwa na nyaya. La pili lilikuwa lake. Friji bovu, aligundua, ni kabati zuri kuliko makabati yote: halipitishi vumbi wala mende, na karatasi hazikunjiki. Wageni waliotafuta maji baridi walilifungua wakakuta chupa za wino na rula, wakalifunga polepole, na kiu ikawaisha.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kuchekesha kuliko kazi yenyewe. Hakuweza kuchora uso bila kuuvaa kwanza. Akitaka kumchora karani wa posta, alikaa kwenye meza ya jikoni akavimbisha mashavu, akashusha kope, akakunja midomo, mpaka karani akaingia usoni kwake. Hapo ndipo mkono ulipojua pa kwenda. Mumewe alikwisha kuzoea.

"Leo nani?" huuliza akipita na bisibisi yake.

"Karani wa posta."

"Mwambie barua yangu ya mwaka juzi bado naisubiri."

Watu wakimsifu kwamba ana jicho, alijua wanakosea. Hakuwa na jicho, alikuwa na woga. Alitazama watu kwa sababu tangu ujana wake aliamini kwamba jambo baya linakuja na kwamba litaonekana kwanza kwenye uso wa mtu. Nani anapanda ngazi kwa haraka? Nani leo hakusalimia? Mbona mume anatafuna upande mmoja, jino au mawazo? Basi katika kulitafuta hilo jambo baya, ambalo mara nyingi halikuja, alikutana njiani na pua za watu. Hizo pua ndizo zilizompa kazi.

Alizitunza katika daftari la kurasa mia mbili. Pua, videvu, masikio, jinsi mtu anavyoinamisha kichwa. Na kwa kuwa aliogopa siku daftari litakapoanguka ngazini likaokotwa, hakuandika jina la mtu hata moja. Aliandika namba. Majina ya wenye namba yalikaa kichwani mwake, mahali salama kabisa. Kichwa chenyewe kilikuwa na miaka arobaini na tisa, na ni kilekile kilichosahau ufunguo ndani.

Sasa, mumewe alikuwa na dada, na huyo dada alikuwa na kidole. Akija kusalimia, kabla hajakaa, anapitisha kidole juu ya televisheni, anakitazama, anasema, "Hamjambo lakini?" Kisha kwenye fremu ya picha. Kisha juu ya mlango, na kwa mlango huo ilibidi asimame kwenye stuli. Miaka ishirini na tatu Mama Penseli alimvumilia wifi yake kwa tabasamu la kukaza meno. Wiki moja alikosa kitu cha kuchora, na mhariri alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili, akamchora.

Kisanduku cha kwanza, mgeni anapitisha kidole mezani. Cha pili, nyuma ya picha ukutani. Cha tatu, chini ya kiti kilichokaliwa na mtoto. Cha nne, mwenyeji mwenye upara ameinama kumsalimia, na mgeni anapitisha kidole juu ya upara. Hakukuwa na maneno hata kidogo, na mkono aliuficha wote ndani ya nguo, kikabaki kidole kimoja. Ni katuni bora aliyowahi kuchora, na alijua, ndiyo maana akaogopa. Wifi angejijua kwa mbali. Basi akafanya anachofanya siku zote, akambadilisha. Nywele akampa za keshia wa dukani. Kidevu akachukua namba kumi na saba. Kwa pua akafungua daftari, akapitisha macho, akasimama kwenye namba arobaini na moja: pua ndefu, imara, yenye miwani ya kamba, imeinama kama inayosoma kitu. Ilikuwa pua ya kukagua haswa. Akajisifu. Huyo wifi hata akikalia gazeti hatajijua.

Na kweli wifi hakujijua. Alhamisi asubuhi alipiga simu akicheka kwa kwikwi. "Yule mama mwenye kidole! Watu wengine jamani hawana haya!"

Jioni binti alirudi kutoka kazini na gazeti limekunjwa mara nne, akaliweka mezani bila kuvua viatu.

"Mama, huyu nani?"

"Huyo? Mtu tu."

"Mtu gani?"

Mama Penseli alichungulia korido kuhakikisha mume hayupo karibu. "Shangazi yako. Usimwambie baba yako."

"Shangazi hana pua hii."

"Nimembadilisha, ili asijijue."

"Ukampa ya nani?"

Mama Penseli akaikumbuka namba, jina halikuja. Alijua aliiona pua hiyo mahali, tena kwa karibu. Akaenda kwenye friji, akatoa daftari, akafunua namba arobaini na moja. Akaitazama. Haikusema kitu. Basi, kwa mazoea, bila kufikiri, akauvaa uso: akarefusha mdomo wa juu, akashusha macho, akainamisha kichwa upande wa kulia kama mtu anayetazama juu ya miwani.

"Mama, acha!" binti alipiga kelele. "Ndiye huyo! Ndiye!"

Naye alikuwa amekwisha kumjua, kwa misuli ya uso wake mwenyewe. Ni mama yake mchumba wa binti. Fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, ambaye miezi miwili nyuma alikuja na mwanawe na ndugu zake ili familia zijuane. Siku hiyo Mama Penseli aliomba ruhusa akaenda msalani, akajifungia, akaichora ile pua haraka haraka juu ya goti, wageni wakiwa sebuleni wanamsubiri na chai.

"Na si pua tu," binti alisema. "Siku ile alishika kitambaa cha meza yetu. Alipitisha kidole ukingoni, wote tulimuona. Sasa umemtangaza dunia nzima anapima vumbi kwa watu. Mteja wake mmoja amempelekea gazeti karakanani, akamwekea mezani, akamwambia, hongera fundi, umetoka gazetini."

"Mwanangu, sikukusudia."

"Wamesema Jumapili hawaji."

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyokuwa siku ya kupanga tarehe ya ndoa. Mama Penseli alikaa kitini polepole kama anayekaa juu ya mayai.

"Hawaji kabisa?"

"Wamesema tusubiri kwanza. Mama, nisikilize. Mimi umenichora nikiwa na chunusi, nikanyamaza. Umenichora nilipoanguka kwenye mtihani wa udereva, nikanyamaza. Hili likivunjika, nahama. Napanga chumba mbali na anwani sikupi. Utanichora kwa kukumbuka."

Akaingia chumbani kwake, na tangu hapo hakusema na mama yake neno hata moja. Alisema kupitia kwa baba.

"Baba, mwambie mwenye michoro taulo la bluu ni langu."

"Mwenye michoro, taulo la bluu."

"Nimesikia."

"Amesikia."

Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, mume alichoka. Aliweka kikombe chini akasema, "Mimi ni fundi wa mafriji, lakini baridi ya humu ndani siiwezi. Hii inataka mtaalamu kutoka nje."

Mama Penseli alimpigia mhariri, akamwomba waandike samahani gazetini. Mhariri akacheka. "Zimekuja barua tatu, mama. Wanawake watatu, kila mmoja anadai ile pua ni yake, na mmoja anataka kulipwa. Huyo mkwe wako sasa hivi ni pua tu. Ukimwomba radhi gazetini, umemfanya mtu. Nenda mwenyewe. Na Jumanne naitaka katuni yangu."

Nenda mwenyewe! Yeye ambaye akitaka kwenda kwa daktari wa meno huanza kujiandaa kwa wiki mbili! Jumamosi na Jumapili alikaa jikoni akijiandaa kwa njia pekee aliyoijua, yaani kuchora vile itakavyokuwa. Kisanduku cha kwanza, anabisha hodi. Cha pili, anaomba radhi. Cha tatu, mwenyeji ananyamaza. Alichora mara sita, na mara zote sita kisanduku cha nne kilikuwa na mkasi. Mara ya sita aliuchora mkasi mkubwa kuliko mlango, akajionea haya, akalala.

Jumatatu asubuhi alikwenda, mfuko wake begani. Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vitabu vya shule, mwisho wa ujia mwembamba, chumba kimoja chenye vyerehani vitatu na dirisha la juu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sketi za bluu zimerundikana mpaka kiunoni. Washonaji wawili wa kike walikuwa wameinamia vyerehani. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia karatasi za kukatia vipimo, za mikono ya mashati, kola, mifuko, na zote zilikatwa kutoka kwenye magazeti. Mama Penseli, ambaye macho yake hayajui kutulia, alizisoma kabla hajasalimia. Ni gazeti lake. Mzee wa bomba la maji alikuwa kola, kichwa hamna. Bibi wa ngazini alikuwa nusu ya mfuko. Kazi yake ya miaka sita ilikuwa pale ukutani, imepangwa kwa umri wa watoto, kuanzia miaka mitano hadi kumi na sita.

"Karibu," ilisema ile pua.

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni na futikamba shingoni. Hakunyanyuka. Alionyesha robota la kitambaa kwa kidevu, na Mama Penseli akakaa juu yake, miguu haigusi chini.

"Shikamoo, mkwe," alisema, ingawa walikuwa rika moja. Woga ulimtoa maneno yoyote yaliyokuwa karibu.

"Shikamoo ya nini, mimi mzee kwako? Sema kilichokuleta."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya pua au ya kidole?"

"Ya vyote."

Fundi alitoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye pindo la sketi. "Pua nimeumbwa nayo. Baba yangu alikuwa nayo vilevile na alioa mara mbili. Kwa pua sina ugomvi. Kidole. Hicho kidole ndicho kimenikaa rohoni."

"Kidole si chako. Ni cha wifi yangu."

Vyerehani viwili vikapunguza mwendo ili visikie vizuri. Mama Penseli akaeleza yote, wifi, televisheni, stuli, daftari, namba. Aliposikia sauti yake ikisema "kwa usalama sikuandika majina", aliona jinsi jambo hilo lilivyo la kipumbavu, lakini alikuwa amekwisha kulisema.

"Kwa hiyo mwili ni wa wifi yako," fundi alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Pua yangu."

"Ndiyo."

"Na nywele hizi za kutisha?"

"Za keshia."

"Na kidevu?"

"Namba kumi na saba. Huyo simkumbuki kabisa."

"Umenishona kwa viraka," fundi alisema, na mshonaji mmoja akajifanya anakohoa. "Lakini ngoja. Kitambaa chako cha meza nilikishika kweli. Unajua nilikuwa natazama nini?"

"Vumbi?"

"Pindo! Mimi kazi yangu ni pindo. Nikiingia msibani natazama pindo. Lile nani alishona?"

"Mimi."

"Nilijua. Limeshonwa na mtu anayegeuka kutazama nyuma kila baada ya mishono mitatu." Alitoa pini ya pili. "Sasa niambie na wewe. Mimi nikitazama pindo, mwenye nyumba alikuwa wapi?"

"Nilikuwa natoa vikombe," alisema Mama Penseli.

"Kwenye friji?"

Mama Penseli aliukumbatia mfuko wake.

"Mlango wa friji ulikuwa wazi," fundi aliwaambia washonaji wake, ambao sasa walikuwa wameacha kazi bila kujificha, "na chini yake kuna miguu miwili na ndara. Robo saa nzima. Nikamuuliza mwanangu, mama mkwe wako anatafuta nini humo, akaniambia labda barafu. Nikasema, ndani ya friji ambalo waya wake umening'inia nje?"

Washonaji walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mama Penseli alitamani robota limfunike. Alikuwa ameamini, kwa miezi miwili, kwamba baada ya msalani alijificha vizuri nyuma ya ule mlango. Alikuwa ameamini hivyo kwa miaka mingi, kila mahali.

"Una kalamu kwenye huo mfuko?"

"Ninayo."

"Basi chora hiyo. Mimi kwenye meza na pindo langu, wewe kwenye friji lako. Nataka nikuone."

Alichora juu ya goti. Alimchora fundi akiwa mwepesi na mwenye adabu. Alichora mlango wa friji. Nyuma ya mlango akamweka mwanamke mwembamba, shingo ndefu, macho ya upole, ameshika sinia. Akaigeuza karatasi.

Fundi aliinua miwani. "Huyu nani?"

"Mimi."

"Njooni mumuone mgeni wetu," fundi aliwaita wenzake. "Mwembamba huyu alishamwacha siku nyingi." Kisha akavuta futikamba shingoni. "Simama."

Mama Penseli akasimama, kwa sababu ilikuwa sauti ya kusimamisha watoto wa shule nzima. Futikamba ikapita begani, mgongoni, ikashuka. "Andika. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi, kwa ajili ya huo mfuko. Shingo imetangulia mbele inchi mbili, kama mtu anayesubiri habari mbaya kutoka chumba cha pili. Kiuno utaandika mwenyewe, nisije nikatoka gazetini tena."

Alichora upya. Bega lilikuja, shingo ikaja, ndara zikaja. Uso ukagoma. Alijaribu kuuvaa kama anavyovaa nyuso zote, akakwama, maana uso huo alikuwa tayari ameuvaa na hakujua upoje. Alijua uso wa karani, wa keshia, wa bibi wa ngazini. Kati ya kuvua mmoja na kuvaa mwingine lazima kulikuwa na wa kwake unaokaa pale, lakini huo hakuwahi kuuona ukifanya kazi. Kwenye kioo alikuwa akitazama nyuso za wengine.

"Siujui uso wangu," alisema, na hakukusudia kulisema kwa sauti.

Fundi akatoa pini ya mwisho mdomoni, akaiweka mezani, akafanya jambo ambalo Mama Penseli hakuwahi kufanyiwa na mtu. Akauvaa. Alitoa macho kama mtu aliyesikia kishindo jikoni, akaimeza midomo yake ndani, akarefusha shingo, akasogeza kichwa kushoto, kulia, kushoto, kama kuku anayevuka barabara.

"Ndiye!" walipiga kelele washonaji. "Ndiye huyo huyo!"

Mama Penseli alitazama. Kwa hiyo ndivyo watu walivyomuona akifungua mlango, akimpokea mtoto, akiomba ruhusa kwenda msalani. Ilikuwa aibu, na ilikuwa ya kuchekesha kuliko chochote alichowahi kukichora, na mkono wake, ule usiojua kuchora mikono, ulikuwa umekwisha kuanza kukimbia kwenye karatasi. Alimaliza huku akicheka na machozi yakidondokea friji la kwenye karatasi.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake ndipo aliposema lile alilolijia. "Mkwe. Na watoto? Mlisema tusubiri."

Fundi alirudisha pini mdomoni, moja moja. "Nilikasirika, sikufichi. Nikasema, ngoja nione atakayekuja hapa ni nani. Kama ni binti yako aje alie kwa ajili yako, hapana. Mtoto anayebeba makosa ya mama yake ataendelea kuyabeba akiwa kwangu, na mimi sitaki kumuona hivyo. Umekuja wewe. Peleka hiyo gazetini kama ilivyo. Nikiiona Alhamisi, Jumapili tunakuja."

Kama ilivyo! Usiku wa Jumatatu na asubuhi ya Jumanne kama-ilivyo ilimtesa. Alipoipitishia wino alitaka kuisogeza shingo nyuma robo inchi tu. Akaisogeza, akaona mwanamke yule amekuwa mtu mwingine, akaanza tena. Ndara akataka kuzipa kisigino. Akajizuia. Alipoipeleka, mhariri aliitazama muda mrefu.

"Huyu wa nyuma ya friji ni mpya. Wa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu si ndiyo yenu?"

"Ndiyo yetu."

Mhariri akavua miwani.

Alhamisi gazeti lilifika na mkate wa asubuhi. Binti alilichukua kwanza, akakaa nalo mezani. Mama Penseli alisimama kwenye sinki akasugua sufuria safi. Nyuma yake ukurasa ulifunuliwa, mwingine, mwingine, mpaka wa pili kutoka mwisho. Alisugua. Baba alikuwa ameshika kikombe hewani, tayari kupokea ujumbe.

"Baba, mwambie..." binti alianza, akanyamaza. Kiti kikakwaruza sakafu. "Mama, tumbo umelipunguza."

"Kidogo tu."

"Kidogo? Mama, hapa umejikata nusu! Na hii shingo..." Hakuweza kuendelea. Alikuwa anacheka huku amefunika uso kwa gazeti, mabega yanaruka, na baba akashusha kikombe chake na kusema kwa sauti ya mtu aliyestaafu, "Alhamdulillahi, sasa semeni wenyewe."

"Ulikwenda kwake?" binti aliuliza baadaye, akipangusa macho.

"Nilikwenda."

"Peke yako?"

"Na mfuko."

Binti alimtazama kwa namna ambayo Mama Penseli, pamoja na daftari lake lote, hakuwa na namba yake. "Jumapili utakaa kitini," alisema. "Sebuleni. Na watu."

"Nitakaa."

Alikaa. Wageni walikuja saba, fundi mbele, na wa mwisho kuingia alikuwa mjomba wa mchumba, mwenye masikio ambayo Mama Penseli hajapata kuyaona tangu azaliwe. Yalikuwa yamekunjamana kama shuka zilizotoka kwenye kamba, na kila mzee huyo alipotafuna biskuti, yalipanda na kushuka. Mfuko ulikuwa chumbani, umefungiwa na binti. Mama Penseli aliikalia mikono yake yote miwili. Mazungumzo yalipita juu yake, miezi ikatajwa, ukumbi ukatajwa, mtu akasema mvua. Mwishowe mjomba akamgeukia yeye, kwa heshima, akamuuliza kama tarehe hiyo inamfaa mama mzazi. Alikuwa amefika mkunjo wa tano wa sikio la kushoto. Akasema inamfaa sana.

Tarehe yenyewe mpaka leo haijakaa kichwani. Inabidi amuulize binti, na binti anamwambia, karibu kila siku, kwa sauti inayopanda na kushuka kama masikio ya mjomba, tena mdomo kwa mdomo, bila kupitia kwa baba.